Toka shoka hadi rimoti: nani anaangukiwa na mti Njombe?



Ukifika Makambako pale njia panda, barabara moja inakwenda Mbeya na nyingine inakwenda Njombe na Songea. Ukishika hiyo ya Njombe, kama kilomita 60 hivi, utaona miti, mbao na nguzo mpaka uchoke. Kila mtu anaongelea bei ya mbao. Anayeukata huo mti haongelewi. Leo nataka tumwongelee yeye, na tuanze na historia kidogo.

Mwaka 1949 shirika la Waingereza la maendeleo ya makoloni, CDC, lilianzisha kampuni ya Tanganyika Wattle, ambayo watu wa huku wanaiita TANWAT. Zao lilikuwa miwati, mti wa asili ya Australia ambao gome lake linatoa dawa ya kutengenezea ngozi. Gome hilo lilimenywa kwa mikono. Mwaka 1995 kampuni hiyo hiyo ikawasha mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaotumia kuni, na Njombe ikapata taa kutokana na miti yake yenyewe. Huko Mufindi nako shamba la serikali la Sao Hill lilipanuliwa sana miaka ya 1970, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikaanza uzalishaji mwaka 1985.

Miti ikaongezeka, na kazi ya kuiangusha ikaongezeka. Zamani ilikuwa shoka na msumeno wa watu wawili, mmoja huku mwingine kule. Kazi ya jasho, lakini ya polepole, na mti ukianza kulia mnausikia. Kisha ikaja chenso, yaani msumeno wa mnyororo.

Chenso nayo ina historia yake. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza ya kwanza yake mwaka 1926, ikiendeshwa kwa umeme na kubebwa na watu wawili. Ilipofika 1950 kampuni yake ikawa na ya petroli ya kubebwa na mtu mmoja. Hapo ndipo hatari ilipobadilika sura. Mtu mmoja anaangusha miti mingi kwa siku, kelele za injini zinamziba masikio asisikie tawi linalokatika juu, na ncha ya msumeno ikigusa kitu vibaya unaruka kumrudia usoni. Ndiyo maana wenzetu wakaja na breki ya mnyororo, kofia ngumu na suruali zenye nyuzi za kusimamisha mnyororo.

Sasa tuje kwenye rimoti. Wengi tunadhani ni kitu cha juzi. La hasha! Nikola Tesla alionyesha mashua inayoongozwa kwa mawimbi ya redio jijini New York mwaka 1898, yaani miaka 28 kabla ya chenso ya Stihl. Ila ilichukua muda mrefu akili hiyo kuingia msituni.

Ilipoingia, ilikuja kwa sura kadhaa. Kuna winchi inayovuta gogo huku mwendeshaji amesimama mbali na kitufe mkononi. Kuna kabari ya kuchomekwa kwenye mkato wa nyuma ya mti: mkataji anaondoka, anabonyeza kitufe, skrubu inaisukuma kabari na mti unaegemea unakotakiwa. Hakuna kugonga kwa nyundo, na kule kugonga ndiko kunakotikisa matawi makavu yakamshukia mtu kichwani. Na kuna mashine kubwa zinazokata na kubeba mti bila mtu kuwa chini yake.

New Zealand walifika huko kwa machungu. Mwaka 2013 peke yake wafanyakazi 10 wa misitu walikufa kazini. Mwaka 2014 wakafanya uchunguzi huru wa sekta nzima. Wao wana milima mikali, na watafiti wao walikuwa tayari wanatengeneza mashine zinazoshikiliwa kwa waya mteremkoni, nyingine za kuendeshwa kwa mbali. Lengo lao lilikuwa moja, kumtoa mtu kwenye mteremko na kumtoa mkono kwenye chenso.

Je, sisi? Lupembe na Ludewa pia kuna miteremko. Lakini mwenye shamba hapa mara nyingi ana eka chache, miti anaiuza ikiwa imesimama, na mnunuzi anakuja na vijana wake na mashine ya kupasulia mbao, ile dingdong. Mwenye shamba anasema vijana si wa kwangu. Mnunuzi anasema ni vibarua tu. Mti ukimwangukia mtu, kila mmoja anamtazama mwenzake. Na sisi waandishi tunaandika aya moja: kijana afariki kwa kuangukiwa na mti. Kesho yake tunarudi kwenye bei ya mbao.

Sheria zipo. Ya usalama na afya kazini ni ya mwaka 2003, ya fidia kwa wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia ulianza kazi mwaka 2015. Lakini fidia inamtaka mwajiri anayejulikana, na hapo ndipo kibarua wa msituni anapopotea.

Kuna watakaoniambia rimoti itawanyima vijana kazi. Ni hoja ya kweli, siibezi. Mashine kubwa ya kukata miti inafanya kazi ya watu wengi, na bei yake mkulima wa eka tatu haigusi. Lakini kabari na winchi hazimfukuzi mkataji, zinamsogeza tu mbali na shina. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1998 unataka watu wengine wakae umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Mti wa mita 20, basi mita 40. Mkataji pekee ndiye anayebaki pale pale shinani. Rimoti inampa naye nafasi ya kuondoka.

Mradi wa Panda Miti Kibiashara wa Tanzania na Finland, ulioanza mwaka 2014, uliwakusanya wakulima kwenye vyama vya wapanda miti. Vyama hivyo ndipo pa kuanzia. Kwanza kofia, mafunzo ya kukata mdomo wa mti na kuacha bawaba, na jina la mwajiri liandikwe kwenye karatasi ya mauziano kabla chenso haijawashwa. Halafu winchi moja ya chama, ya kuazimana, kama tunavyoazimana trekta. Kabari ya rimoti itafuata.

Tumejifunza kupanda miti vizuri sana. Kuikata bila kuzika vijana, bado.

Mnasemaje ndugu zangu?