UZI: Neno "kaunti" lilianza na mtu wa kutembea na mkubwa

1/ Kuanzia Mwingi hadi Wote, siasa zikipamba moto utasikia hii: "Gavana asipotembea na rais, kaunti yetu itabaki nyuma." Wengine wanapiga makofi, wengine wanatukana. Leo tuweke matusi kando, tufuate neno lenyewe.

2/ "Kaunti" tumelitoa kwa Kiingereza, county. Lakini Waingereza nao waliliazima. Eneo kama hilo wao waliliita shire. Mwaka 1066 Wanormani wakatoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na Kifaransa chao kikaingia serikalini. Humo mlikuwa na conté, yaani eneo la mtawala aitwaye conte.

3/ Kifaransa nacho kilirithi Kilatini, neno comes. Com ni pamoja, ire ni kwenda. Comes ni mwenzako wa safari. Baadaye makaizari wa Roma wakalifanya cheo: mtu wao wa karibu, anayepewa jukumu au eneo alisimamie. Raia hawakumchagua. Alimjibu aliyemteua.

4/ Sasa umeona? "Kutembea na mkubwa" ndiyo maana ya kwanza kabisa! Na sisi tuliishi hivyo. Kitui ilikuwa wilaya, Makueni ikamegwa kutoka Machakos mwaka 1992, na DC alitumwa kutoka Nairobi. Hakupigiwa kura, na akihamishwa hakuna mtu alikuuliza.

5/ Katiba ya 2010 ililichukua neno hilohilo ikalipa kazi nyingine. Kifungu cha 6: serikali ya taifa na za kaunti ni tofauti, ila zinategemeana. Kifungu cha 203: kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Na tangu Machi 4, 2013, gavana tunamchagua sisi.

6/ Tuwe wakweli: kushirikiana na Nairobi si dhambi, katiba yenyewe inataka hivyo. Barabara kuu, kwa mfano, ni za serikali ya taifa, kwa hivyo gavana lazima aongee nao. Lakini mgao wa kifungu cha 203 si asante ya kutembea na mtu. Ni haki ya kaunti hata gavana awe upinzani.

7/ Kwa hivyo mtu akikuambia "tutembee na serikali ndio tupate pesa", muulize kwa upole: pesa gani? Ni mgao wetu, ama ni mradi wa serikali ya taifa? Hizo ni hesabu mbili, usikubali zichanganywe.