Noeli mjini Muyinga: chakula kinachopikwa ili jirani naye ale

Kaskazini-mashariki mwa Burundi, karibu na mpaka wa Tanzania, sikukuu ya Noeli huwakuta Wakristo na Waislamu wakiishi mtaa mmoja, na mara nyingi ukoo mmoja. Ndiyo maana mlo wa tarehe 25 Desemba hupangwa kwa kumfikiria jirani kabla chungu hakijainjikwa: nani atachinja, mafuta gani yatatumika, na kinywaji gani kitawekwa wapi.

Mji wa njia panda

Ukristo uliingia Burundi na kukita mizizi mwishoni mwa karne ya 19, wakati Mapadri Weupe walipoanzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898, kisha Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Jimbo Katoliki la Muyinga liliundwa mwaka 1968. Uislamu na lugha ya Kiswahili vilikuja kwa njia nyingine, pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani kupitia Ujiji na askari walioletwa na utawala wa Wajerumani. Hata leo, nchini Burundi neno "Mswahili" humaanisha Mwislamu masikioni mwa watu wengi.

Muyinga, ambayo tangu mabadiliko ya mikoa ya mwaka 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, inajulikana kwa kuwa na Waislamu wengi kuliko sehemu nyingi za nchi. Barabara itokayo Kobero mpakani huleta malori na bidhaa kutoka Tanzania, na kwa njia kama hiyo mapishi ya pwani yamezoeleka mbali na bahari.

Kisu hutangulia chungu

Nyama ndiyo heshima ya sikukuu, na nyama ndiyo yenye masharti. Sura ya Al-Maida katika Kurani inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, lakini Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hutulia zaidi wanapojua kwamba mnyama amechinjwa na Mwislamu mwenzao. Kutokana na hali hiyo, desturi imeenea katika ukanda huu kwamba Mkristo anayetarajia wageni wa dini zote mbili humwita jirani Mwislamu aje kumchinja mbuzi au ng'ombe. Mwenye sikukuu hapungukiwi kitu, na mgeni hali kwa wasiwasi.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini yaliyotokea nchi jirani yanaonyesha uzito wake. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Tanzania, mzozo kuhusu nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza uligeuka ghasia, na mchungaji mmoja akauawa. Pale ambapo jirani huombwa achinje, naye akakubali kwa hiari, kisu huwaweka watu pamoja. Pale ambapo kuchinja hugeuzwa amri au mashindano, kisu hichohicho huwatenga.

Yanayopakuliwa

Kwa siku za kawaida, meza ya Mrundi husimama juu ya maharage, ugali wa muhogo au wa mahindi, ndizi za kupika, viazi vitamu na mboga kama lengalenga na sombe, mara nyingi kwa mafuta ya mawese. Sikukuu huongeza wali, nyama ya mchuzi na mishikaki ya mbuzi.

Katika nyumba za Waswahili, wali huo huwa pilau. Vitunguu hukaangwa hadi viwe rangi ya kahawia, kwa kuwa humo ndimo pilau hupata rangi yake. Hufuata kitunguu saumu na tangawizi, kisha bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Nyama iliyochemshwa huingia pamoja na supu yake, mchele huongezwa, na maji yanapokaribia kukauka chungu hufunikwa na kupaliwa makaa juu.

Kinywaji nacho kina adabu yake. Kwa Warundi, pombe ya ndizi na ya mtama ni alama ya kale ya udugu, na watu wazima huweza kuinywa kwa mirija kutoka chombo kimoja. Mwenyeji mwenye wageni Waislamu huwaandalia soda au chai, kwa vyombo vyao, bila kuwatenga na mazungumzo. Nyama ya nguruwe, ikiwa imepikwa, hupewa chungu na kijiko chake.

Sikukuu kabla ya mavuno

Desemba si mwezi wa shibe. Mashamba yaliyopandwa Septemba na Oktoba kwa sehemu kubwa huvunwa kuanzia Januari, na akiba ya ghalani huwa imepungua. Zamani mwezi huohuo ulikuwa wa Umuganuro, sherehe ya mwami ya kufungua upandaji wa mtama, ambayo ilikoma mwaka 1929 wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Hivyo karamu ya Desemba kwa Warundi ni ya zamani kuliko Noeli yenyewe.

Miaka ya karibuni imeongeza ugumu. Mwaka 2022 homa ya Bonde la Ufa ilishambulia mifugo, na biashara ya wanyama ikawekewa vizuizi. Mwezi Mei 2023 thamani ya faranga ya Burundi ilishushwa kwa kiwango kikubwa, na uhaba wa mafuta ya magari umekuwa ukipandisha gharama ya kusafirisha chakula. Nyumba nyingi haziwezi kununua mnyama peke yake. Kuchanga fedha na kugawana nyama kwa mafungu huziwezesha kupata kitoweo cha sikukuu.

Desturi ya Waswahili haipendi sahani ya jirani irudi tupu. Sahani iliyopelekwa siku ya Noeli hurejeshwa na kitu ndani yake, kama si wiki hiyo basi siku ya Idi, wakati nyama ya kuchinja ya Idd al-Adha inapogawiwa jamaa, majirani na maskini. Sikukuu zote mbili ni siku za mapumziko kwa taifa zima, na jirani aliyeitwa kuchinja mwezi Desemba huwa naye ana mlango wa kupelekea fungu lake.