SOMO LA HISTORIA: INJINI ZA KUPOZWA KWA UPEPO NA MATOPE YA SAFARI

Leo tutasoma habari za injini zinazopozwa kwa upepo, na jinsi mafundi walivyoziongezea nguvu. Kisha tutajiuliza kama nguvu hizo zilileta ushindi katika barabara za Afrika Mashariki.

Kwanza itazameni pikipiki ya abiria inayopanda mlima na mikungu ya ndizi. Injini za pikipiki nyingi za namna hiyo zina vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Upepo hupita katikati ya vipande hivyo na kuondoa joto. Hakuna rejeta, wala maji ya kupoza.

Motokaa ya Volkswagen, ile yenye mgongo wa duara, ilitumia njia hiyo hiyo. Ilibuniwa na Ferdinand Porsche huko Ujerumani katika miaka ya 1930. Injini yake ilikaa nyuma, na feni ilisukuma upepo juu ya silinda zake nne. Kwa kuwa uzito wa injini ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma gari, magurudumu hayo yalishika ardhi vizuri penye matope.

Mwaka 1948, huko Gmünd katika nchi ya Austria, Ferry Porsche, mwana wa Ferdinand, alitengeneza gari la mbio la kwanza lenye jina la Porsche, liitwalo 356. Alichukua injini ya Volkswagen yenye ujazo wa sentimita 1,131 na nguvu za farasi 25. Mafundi wake walibadili vichwa vya silinda ili injini ivute pumzi vizuri zaidi, na nguvu zikafika farasi 35. Ukubwa wa silinda ulibaki ule ule. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuongeza nguvu.

Njia ya pili ni kuikuza silinda yenyewe. Chungu kikubwa hupika chakula kingi, lakini hutaka kuni nyingi. Silinda ya Volkswagen ilikuwa na upana wa milimita 75. Mwaka 1954 ikapanuliwa kuwa milimita 77, na nguvu zikawa farasi 30. Mwaka 1960 zikafika 34.

Porsche walikwenda mbali zaidi. Gari lao la 911, lililoanza kuuzwa mwaka 1964, lilikuwa na silinda sita, kila moja ya upana wa milimita 80, na nguvu za farasi 130. Baadaye silinda zikapanuliwa kuwa milimita 84, tena 90, na mwendo wa pistoni ukarefushwa. Mwaka 1972 ikatoka 911 Carrera RS yenye nguvu za farasi 210. Kila nguvu zilipoongezeka, joto nalo liliongezeka. Kwa hiyo oili ilipewa kazi kubwa ya kulibeba joto hilo na kulitoa nje.

Sasa na tuje kwetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinaponyesha. Anayetajwa mshindi wa mwaka 1953 ni Alan Dix, kwa Volkswagen. Mwaka 1954 akashinda Vic Preston, na mwaka 1957 Gus Hofmann, wote kwa Volkswagen. Mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda kwa gari hilo hilo. Kumbukeni kwamba Volkswagen za miaka ile zilitoka kiwandani na nguvu za farasi 25 hadi 34 tu!

Je, Porsche 911 ilifanyaje? Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alishika nafasi ya pili. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden akawa wa pili kwa Carrera RS. Aliyemshinda ni Joginder Singh wa Kenya, kwa Mitsubishi Lancer yenye injini isiyofika ujazo wa sentimita 1,600. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo, mwana wa yule wa 1954, naye akawa wa pili kwa Porsche. Waldegård alipata ushindi kwa 911 mwaka 2011, katika Safari ya magari ya kale. Kutangulia si kufika.

Kiwanda cha Porsche kiliacha kutengeneza injini za 911 za kupozwa kwa upepo mwaka 1998, kikageukia maji. Sheria za moshi na kelele zilikuwa kali, na nguvu zilizotakiwa zilileta joto kubwa mno.

Ndugu mwanafunzi, historia hii inakuhusu. Huenda fundi akakushauri kupanua silinda ya pikipiki yako uliyoinunua kwa mkopo, ili ibebe mzigo mkubwa zaidi. Kabla hujakubali, muulize mambo matatu: Joto litatokea wapi? Petroli ya ziada itagharimu kiasi gani? Je, breki na mnyororo vitahimili? Asipokuwa na majibu, usimpe pikipiki. Injini ikiungua, deni la mkopo litabaki.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Taja njia mbili za kuongeza nguvu za injini.
2. Kwa nini Volkswagen ilifaa katika matope?
3. Silinda ikikuzwa, ni kitu gani kingine kinachoongezeka pamoja na nguvu?