Kiazi mviringo na kiazi kitamu: jina moja, koo mbili

Jina la kiazi limewafanya wengi waamini kwamba kiazi mviringo, kiitwacho pia kiazi ulaya au waru, ni ndugu wa karibu wa kiazi kitamu. Wataalamu wa mimea wanasema sivyo.

Kiazi mviringo, Solanum tuberosum, ni cha ukoo mmoja na nyanya, biringanya na tumbaku. Kiazi kitamu, Ipomoea batatas, kimo katika ukoo wa mimea itambaayo yenye maua ya umbo la tarumbeta. Koo hizo hukutana katika ngazi ya juu zaidi tu, oda ya Solanales.

Mimea yote miwili ina asili ya bara la Amerika. Hata Kiingereza kiliichanganya: neno potato latokana na batata, jina ambalo wenyeji wa visiwa vya Karibi walikiita kiazi kitamu.

Tofauti kubwa imo ardhini. Kiazi mviringo ni shina lililovimba, na ndiyo maana kina macho, ambayo ni machipukizi. Mkulima hupanda kiazi chenyewe. Kiazi kitamu ni mzizi, na kwa kawaida hupandwa kwa vipande vya marando.

Jambo hilo lina uzito hata jikoni. Kiazi mviringo kikiachwa juani hugeuka kijani, na pamoja na rangi hiyo huongezeka solanini, sumu chungu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Majani yake pia yana sumu, sawa na matunda yake, ambayo kwa bahati mbaya hufanana na nyanya ndogo mbichi. Majani ya kiazi kitamu, kinyume chake, ndiyo matembele, mboga inayopendwa Tanzania.

Kwa upande wa lishe, kiazi kitamu cha rangi ya chungwa kina utajiri wa kirutubisho kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, ambayo upungufu wake huweza kuwapofusha watoto. Aina nyeupe, zilizozoeleka Afrika Mashariki, karibu hazina kabisa.

Mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde, na Wamarekani Jan Low na Howarth Bouis walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kurutubisha mazao. Watatu wa kwanza walishughulikia kiazi hicho cha chungwa, ambacho gramu 125 zake zatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku.