Kinyozi Hajinyoi

Sisi wa Mlandizi ukitutajia Chuo Kikuu, kwanza tunakumbuka maji. Mtambo wa Ruvu Juu umeanza kusukuma maji ya mto wetu kwenda Dar es Salaam tangu 1959. Ule wa Ruvu Chini, wa 1976, unayapandisha hadi kwenye matangi ya Mlimani. Kwa hiyo profesa akinawa uso alfajiri, ananawa Ruvu. Nikiwa mdogo nilimwuliza mzee mmoja kijiweni: hao maprofesa wanafundisha watu wote, je, wao nani anawafundisha? Akacheka. "Kinyozi hajinyoi, mwanangu. Lakini nywele zake nazo zinaota."

Jibu lake nimekuja kulielewa ukubwani, nilipoisoma historia ya Mlimani.

Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi 14 wa sheria. Kilihamia Mlimani 1964, na walimu wengi wakati huo walikuwa wageni. Walikuja na shahada zao na vitabu vyao, lakini nchi yenyewe walikuwa bado hawajaisoma.

Basi walionoa kisu walikuwa vijana. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Yoweri Museveni. Wakafungua darasa la Jumapili. Halikuwa na mtihani, cheti wala posho. Watu walisoma, wakaja kueleza walichosoma, wakabishana. Na walimu nao walikuja. Mmoja wao alikuwa Walter Rodney, Mguyana aliyefika Mlimani mara ya kwanza 1966.

Novemba 1969 vijana hao wakatoa gazeti, Cheche. Lilihaririwa na Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka uliofuata Issa Shivji, kijana tu aliyekuwa anamaliza sheria, akaandika humo makala ndefu kuhusu matabaka ya Tanzania. Ati unadhani maprofesa walimpuuza? Rodney, John Saul na Tamás Szentes walimjibu kwa maandishi, na mjadala mzima ukatoka kitabu 1973.

Ila jambo linalonigusa zaidi ni dogo kuliko hilo. Rodney alipokuwa anaandika kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka 1972, aliwapa mswada Hirji na Mapolu wausome na kuukosoa. Akawashukuru kwa majina mwanzoni mwa kitabu. Hebu fikiria: mhadhiri mwenye udaktari wa London anawapa vijana kalamu nyekundu!

Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku USARF na Cheche. Wakubwa walisema jina lenyewe limeigwa kwa Warusi. Jina likaenda, lakini watu hawakukoma kukutana. Tawi la vijana wa TANU likaanzisha gazeti jingine, Maji Maji.

Baadaye kinyozi alibadilika tena, na safari hii alikuwa mkulima. Miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Mlimani, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, waliingia vijijini. Walikwenda Malya kule Mwanza, na 1985 wakaja Msoga, huku huku kwetu Pwani. Hawakuja na mchezo mkononi. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, wakayachambua, wakayatia katika ngoma na maigizo yao wenyewe. Msomi alilazimika kwanza kukaa, kusikiliza, na kujifunza ngoma ya wenyeji.

Siku hizi mafunzo ya wahadhiri yana warsha, vyeti na bahasha ya posho. Sivibezi. Ila najiuliza, warsha ikiisha, ni nani atakayemwambia profesa kwamba sura yake ya tatu haijakaa sawa?

Na sisi tunaoandika je? Wangapi kati yetu tunaficha miswada chini ya godoro tukisubiri mkubwa fulani atuite? Washikaji, Jumapili bado ipo. Njooni Mlandizi na karatasi zenu, tukatane nywele. Maji yapo.