Herufi na Nafasi Yake katika Hadithi za Picha za Tarakilishi

Uhakiki wa hadithi za picha aghalabu hushughulikia mchoro na usemi, ukaliacha umbo la herufi kana kwamba ni kazi ya mpiga chapa tu. Upungufu huu umedhihirika zaidi tangu tarakilishi ilipomwezesha mtu binafsi kuchora, kuandika na kueneza kazi yake akiwa nyumbani. Maandishi yasiyosomeka katika kazi hizo hayatokani na udhaifu wa chombo pekee, bali pia na badiliko katika utaratibu wa utunzi.

Katika majarida ya Marekani ya kabla ya tarakilishi, ilikuwa desturi mwandika herufi kufanya kazi juu ya mchoro wa penseli, kabla ya wino kutiwa. Alipiga mistari kwa rula, akaandika maneno kwa mkono, kisha akayazungushia kiputo. Neno lilitengewa nafasi kabla ya picha kukamilika.

Mwaka 1985 Peter B. Gillis na Mike Saenz walitoa Shatter, hadithi iliyochorwa kwa Macintosh. Kiwambo cha tarakilishi hiyo kilikuwa na nukta 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu, hata mstari wa mshazari ukaonekana kama ngazi. Katika hali hiyo herufi ndogo, ambayo hutambulikana kwa mikunjo yake, ndiyo huathirika mno.

Tatizo la nukta lilipungua kadiri vyombo vilivyoendelea; la nafasi lilibaki. Mwaka 1994 Vincent Connare wa Microsoft aliona mbwa wa katuni, katika programu ya Microsoft Bob, akisema kwa herufi za Times New Roman. Alipoona haziwiani na msemaji, alibuni Comic Sans kwa kuiga maandishi ya majarida ya katuni, mathalani Watchmen. Lakini herufi zake zilikuwa kubwa kidogo kuliko zile za awali, na nafasi za maneno zilikuwa zimekwisha kupimwa. Fonti hiyo ikaachwa nje ya Bob.

Mtunzi wa Kiswahili hukabiliwa na ugumu huo huo maradufu. Neno “watakapotukumbuka” lina herufi 17 zisizo na pengo. Kiingereza kingetumia maneno manne, yakapangwa katika mistari minne ya kiputo chembamba. Aidha, fonti nyingi za katuni zina I kubwa yenye vijistari juu na chini, iliyokusudiwa kiwakilishi cha nafsi ya kwanza cha Kiingereza. Ikipenyezwa ndani ya maneno ya Kiswahili, yaliyojaa irabu hiyo, husonga mstari mzima.

Mtunzi aliyekwisha kuchora hubaki na njia mbili: kupunguza herufi hadi zisisomeke, au kupunguza lugha yenyewe, akatupa virejeshi na vitenzi vilivyonyambuliwa ili maneno yaenee. Njia ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa haionekani. Kwa hiyo mhakiki, kabla ya kulaumu umaskini wa usemi wa wahusika, hana budi kuuliza iwapo maneno yaliandikwa kwanza na kiputo kikapimwa kwayo, au kiputo kilichorwa kwanza na lugha ikakatwa ili iingie.