Dini ya Papa, Kabaka na Sanduku la Kura

Mgeni akitaka kuijua siasa ya Uganda, wenyeji wa Kampala humwanzishia somo kwa vilima. Namirembe ni cha Waanglikana, Lubaga ni cha Wakatoliki, Kibuli ni cha Waislamu, na katikati yake, Mengo, ndiko kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Kila kilima kina nyumba yake ya ibada, shule zake na hospitali yake au ya jirani yake. Viwili vya Wakristo vilikuwa na magazeti pia: Waprotestanti walisoma Ebifa mu Buganda tangu 1907, Wakatoliki wakaanzisha Munno mwaka 1911. Ilifika siku vikawa na vyama vya siasa.

Kabla ya kura ilikuwa bunduki. Januari 1892 Mkatoliki mmoja alimuua Mprotestanti katika ugomvi uliohusu bunduki, Kabaka Mwanga akamwachia huru mshitakiwa. Kapteni Frederick Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza aliyepiga kambi kwenye kilima cha Kampala, hakuridhika na hukumu hiyo. Akawagawia Waprotestanti silaha. Tarehe 24 pande mbili zikapigana Mengo, Lugard akaingilia na bunduki yake ya rashasha, kanisa la Lubaga likateketea, na Mwanga akakimbilia ziwani. Raia waliwaita wapiganaji hao Wafaransa na Waingereza, kwa kufuata mapadri na wachungaji waliowabatiza, japokuwa walikuwa Waganda watupu. Lawama ya kuitwa Wafaransa ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1895 Roma ilileta Nsambya, kilima kingine cha Kampala, wamisionari wa Mill Hill chini ya Askofu Henry Hanlon, ili watu waone kwamba hata Mwingereza anaweza kuwa Mkatoliki.

Amani iliyofuata ilikuwa ya kugawana. Wakatoliki walisukumwa wengi wao Buddu, upande wa Masaka. Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza ulipotiwa saini, masaza, yaani wilaya, za Buganda zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa kwa dini, na Waprotestanti wakachukua fungu kubwa. Cheo cha Katikiro, waziri mkuu wa ufalme, kikakaa mikononi mwa Apolo Kaggwa, Mprotestanti, hadi 1926, na baada yake kikaendelea kuzunguka kwa wenzake wa Namirembe. Mkatoliki aliweza kuwa Omulamuzi, hakimu mkuu. Hapo ndipo ngazi yake ilipokomea. Kila mtu aliabudu alivyotaka. Uhuru wa dini kwa maana hiyo ulikuwapo. Kilichokosekana ni kwamba ubatizo usimzibie mtu njia ya kazi.

Mwaka 1955, Kabaka Mutesa II aliporudi kutoka uhamishoni London, Matayo Mugwanya alijaribu kuivunja ngazi hiyo. Alikuwa Mkatoliki, Omulamuzi, mjukuu wa Stanislaus Mugwanya wa enzi za mkataba. Katika kura za Lukiko, baraza la Buganda, alishindwa kwa tofauti ndogo na Michael Kintu, Mprotestanti. Wakatoliki hawakuyasahau hayo. Chama cha Democratic Party, kilichoanza mwaka mmoja tu kabla, kikawa kimbilio lao, na mwaka 1958 uongozi wake ukashikwa na wakili Benedicto Kiwanuka. Mitaani watu waliigeuza DP kuwa Dini ya Papa. Wakatoliki nao wakalipiza: chama cha UPC cha Milton Obote, walisema, ni Waprotestanti wa Canterbury walioungana. Mzaha, lakini wenye ukweli ndani yake.

Uchaguzi wa Machi 1961 ulikuwa wa ajabu. Mengo iliwaamuru watu wa Buganda wasijiandikishe, kwa hofu kwamba bunge la Uganda lingemeza ufalme. Aliyejiandikisha alihatarisha nyumba yake na mibuni yake. Wachache walioshupaa walikuwa wafuasi wa DP, na kwa kura zao chache chama hicho kikabeba viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Nchi nzima UPC ilipata kura nyingi zaidi, lakini DP ikawa na viti vingi, na Benedicto Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali. Machoni pa Mengo huyo alikuwa raia wa kawaida aliyethubutu kukaa juu ya Kabaka, tena Mkatoliki. Mwaka huohuo ikaundwa Kabaka Yekka, yaani Kabaka peke yake, ikashikana mkono na Obote.

Hapo akaingia Kiwanuka wa pili. Joseph Kiwanuka hakuwa ndugu wa Benedicto; alikuwa Askofu Mkuu wa Lubaga, na tangu 1939, alipopewa Masaka, alihesabiwa kuwa askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Novemba 1961 alitoa waraka wa kichungaji kuhusu Kanisa na dola. Aliwafundisha waumini wajibu wao wa uraia, akawaonya kuhusu vyama, kisha akagusa palipouma: mfalme akiingizwa katika siasa za vyama, ufalme wenyewe utaangamia.

Mengo iliwaka. Watu wa Kabaka walikwenda Lubaga kumkamata askofu mkuu, wakakuta amekwenda Roma, wakamchukua padri wake badala yake. Kwa mtu wa leo tukio hilo linashangaza: waraka wa kanisani, uliosomwa kwa Wakatoliki, ulihesabiwa kuwa uasi. Lakini Mengo haikukosea katika kuuelewa. Kumwambia Mganda mwaka 1961 kwamba dhamiri yake ni yake na kura yake ni yake kulikuwa kumwondoa Kabaka katika chumba cha kura.

Na waumini je? Februari 1962 Kabaka Yekka ilishinda viti 65 kati ya 68 vya Lukiko. Idadi ya namna hiyo haipatikani kwa Waprotestanti peke yao katika nchi yenye Wakatoliki wengi vile. Bila shaka wapo waliousikia waraka Jumapili wakaitikia, kisha siku ya kura wakamchagua mfalme wao. Aprili UPC ilipata viti 37, DP 24, na Lukiko ikapeleka bungeni wawakilishi 21 waliompa Obote serikali. Hofu kubwa ya Lubaga ikatimia muda mfupi baadaye: shule za misheni zikawekwa chini ya serikali. Maneno ya askofu kuhusu ufalme nayo yakatimia. Alifariki Februari 1966. Mei mwaka huohuo jeshi la Obote likaishambulia Mengo, na mwaka 1967 falme zote zikafutwa.

Aliyeudhuru uhuru wa dini kuliko wote hakupigiwa kura na yeyote. Idi Amin alimtoa Benedicto Kiwanuka gerezani, akamfanya Jaji Mkuu, na tarehe 21 Septemba 1972 watu wake wakamtoa katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala akiwa kazini. Hakurudi. Februari 1977 aliuawa Janani Luwum, askofu mkuu wa Waanglikana, na Septemba madhehebu 27 yakapigwa marufuku. Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu waliachiwa milango yao wazi. Wapentekoste na Wasabato wakasali kwa kificho. Madhehebu hayo madogo hayakuwa na saza wala chama, na katika malumbano yote ya miaka ya 1950 hakuna aliyeyahesabu.

Katiba ya 1995 ilitaka kuyahesabu. Ibara ya 7 inakataza dini ya taifa, ya 29 inampa kila mtu haki ya kuifuata dini yake. Wanafunzi Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere waliipeleka ibara hiyo mahakamani wakipinga kufanya mitihani Jumamosi. Chuo kilijibu kwamba ni cha watu wa dini zote na kwamba walijiunga wakizijua taratibu zake. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikakubaliana na chuo, na mitihani ya Jumamosi ikaendelea.